Umedunga LED Kwa Indiketa na Sasa Zinapepesa Kama Taa za Klabu? Soma Hii Kabla Fundi Akule Doo Yako

Simama kando ya Naivasha Road pale Kawangware saa moja jioni, ama Kibera Drive pale Olympic wasee wakitoka job, halafu uangalie indiketa peke yake. Kuna Probox inapepesa mbio ni kama iko na haraka kuliko mwenyewe. Kuna Vitz ya nyuma imekataa kabisa, dere amebaki kutoa mkono dirishani kama mzee wa zamani. Kuna nduthi imeweka kushoto na ya kulia pia inawaka. Ukiwauliza, wengi watakupea jibu moja: "Nilidunga LED juzi."

Kama wewe ni mmoja wao, tulia. Hiyo ngori iko na sababu, na mara nyingi haihitaji kubomoa nusu ya waya za gari vile fundi fulani atakushow. Lakini pia si kitu ya kuachilia ati bora zinawaka. Msee wa nduthi anayekupita upande wa kushoto hapo Ngong Road anasoma hiyo taa ndio aamue kama atapita ama atashika breki. Taa ikimdanganya, mguu wake ndio unalipa.

Wacha tuingie ndani pole pole.

Gari haijaharibika, inajaribu kukuambia kitu

Balbu ya kawaida ya indiketa, ile ya uzi ndani, inakula wati 21. Mbele iko moja, nyuma moja, na ubavuni kale kadogo ka wati 5. Jumla ya upande mmoja ni wati 47. Gari ndogo ni ya volti 12, kwa hivyo gawanya 47 kwa 12, unapata karibu ampea 4. (College niliiacha mapema sana, lakini hiyo ya kugawanya wati kwa volti ilikataa kutoka kwa kichwa. Usiikimbie, tutaitumia mara tatu kabla tumalize.)

Sasa kuna kale kaboksi kanapiga tik-tak ukiweka indiketa. Hako ndiko flasha. Kazi yake si kuwasha na kuzima tu. Flasha za gari nyingi za Japani pia zinapima umeme unaopita. Balbu moja ya wati 21 ikiungua, mzigo unashuka kutoka wati 47 mpaka 26. Flasha inaona, halafu inaanza kupepesa mbio, karibu mara mbili ya kawaida. Hiyo spidi ilitengenezwa makusudi. Kawaida indiketa inafaa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, ukiona imevuka hapo ni gari inakuambia shuka uangalie, kuna balbu imekufa.

LED nayo inakula wati ngapi? Tuseme 3. Zingine hata hazifiki. Ukibadilisha mbele na nyuma, upande mzima unabaki na kitu kama wati 11 ukihesabu na ile ya ubavuni. Kwa macho ya flasha, balbu zako mbili ziko mochari. Inapepesa mbio, na kwa akili yake iko sahihi kabisa. Hiyo ndiyo sababu pia ukibadilisha ile ndogo ya ubavuni peke yake, mara nyingi hakuna kitu inatokea. Wati 5 kutoka kwa 47 si kitu flasha inaskia.

Gari za kitambo na nduthi nyingi ziko na flasha ya aina nyingine, yenye kipande cha chuma ndani. Umeme ukipita, chuma kinapata joto, kinajikunja, kinakata. Kikipoa kinarudi. Hiyo ukiiwekea LED haiendi mbio, juu umeme ni kidogo hata hautoshi kupasha chuma joto. Inawaka na inabaki imewaka tu, ama haipepesi kabisa. Kwa hivyo kabla mtu akuuzie dawa, jua ugonjwa wako ni upi: mbio, ama kuganda.

Rudisha balbu moja ya zamani kwanza

Hii ndio tesiti ya maana kuliko zote na haina hata shilingi. Toa LED ya nyuma, rudisha balbu ya zamani, weka indiketa. Ikipepesa poa, ama ikipunguza mbio, basi waya zako ziko fiti, shida ni mzigo tu. Ikiendelea kukataa hata na balbu ya zamani, wachana na stori ya LED. Kuna kitu kingine kiko na shida, na labda ilikuwepo kabla.

Sasa ndio maana usitupe balbu za zamani. Fundi akizitoa, mwambie azirudishe mkononi mwako, uziweke kwa buti. Mafundi wengine wanapenda sana kubaki nazo, na hujawahi kujiuliza kwa nini.

Tesiti ya pili ni hazadi. Bonyeza ile pembe tatu nyekundu. Kama hazadi inawaka pande zote mbili lakini indiketa zimekataa, usiguse balbu wala flasha, hizo ni nzima. Kwa gari nyingi hazadi na indiketa ziko na fyuzi tofauti, kwa hivyo angalia ile ya indiketa, halafu ule mkono wa kando ya stelingi. Kama zote mbili zimekufa, rudi kwa flasha ama fyuzi ya hazadi. Na kama ni upande mmoja peke yake unaleta ujinga, basi shida iko upande huo huo: balbu, soketi, ama waya. Kwa dakika mbili umeshapunguza gari nzima ikabaki kona moja.

LED imekataa kuwaka kabisa

Balbu ya zamani haijali umeme unaingilia upande gani. LED inajali. Iko na chanya na hasi, na ukiigeuza inakuangalia tu. Zile za kudunga bapa bila kofia ya chuma, mbele na nyuma ya Toyota na Nissan nyingi, zinaingia pande zote mbili. Kwa hivyo ikikataa, ichomoe, izungushe nusu mzunguko, idunge tena. Wasee wamelipa fundi pesa ya lunch ya wiki kwa hiyo kazi. Kuna LED mpya zenye hazijali upande, lakini usikisie, geuza uone.

Zile za kuzungusha zenye vichuchu viwili kando haziwezi kugeuzwa, kwa hivyo hapo angalia kama vichuchu vimelingana. Balbu zenye rangi ya machungwa mara nyingi vichuchu vyake haviangaliani sawasawa, viliwekwa hivyo ndio usidunge nyeupe mahali pa machungwa. Nimeona msee akikata kichuchu kimoja na playa ndio iingie. Iliingia. Ilianguka ndani ya taa kwa tuta la kwanza.

Kama umegeuza na bado, angalia soketi. Vile vibati vya shaba ndani vilizoea balbu yenye kiuno kinene. LED zingine ziko na plastiki nyembamba, zinacheza ndani, zinagusa na kuachia. Ndio unapata indiketa inafanya kazi barabara ya lami Lavington, ukishuka Kawangware kwa mashimo inakufa. Toa ufunguo, chukua bisibisi ndogo, vuta vibati vikaribiane kidogo, dunga tena. Ukiona kijani ama kutu, piga msasa mwembamba. Mvua ndefu ya Machi mpaka Mei inaingia kwa taa yenye mpira umechoka, na huku gari nyingi ni za mtumba. Sheria inakubali kuingiza gari ya chini ya miaka 8, lakini ikishafika hapa inakaa nasi miaka mingine 15 ama 20. Huo mpira wa taa hakuna mtu amewahi kubadilisha.

Athi, na si ile River

Kama kuna mahali pesa inapotea bure, ni hapa. Athi ni ule waya wa kurudisha umeme kwa bodi ya gari, ndio ufike hasi ya betri. Kwa Toyota nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi, kwa zingine ni mweusi tu. Huwa umefungwa na boliti kwa chuma karibu na taa. Hiyo boliti ikipata kutu, ama gari ikipigwa rangi baada ya ajali na fundi wa rangi akapaka hadi hapo chini, umeme haupati njia ya kurudi.

Balbu ya wati 21 iko na nguvu ya kulazimisha, inawaka hafifu tu. Lakini ukiweka LED, unaanza kuona vioja. Unaweka indiketa, taa ya paki inapepesa nayo. Unakanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Hakuna jini. Umeme umekosa njia yake, unatafuta kurudi kupitia uzi wa balbu ya jirani. LED juu inahitaji umeme kidogo sana, inawaka hata na ule uliopotea njia.

Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha waya, upande mmoja gusa mahali athi inaingilia kwa soketi, upande wa pili gusa chuma kisicho na rangi, ama hasi ya betri moja kwa moja. Vioja vikiisha, umepata mchawi. Fungua hiyo boliti, kwangua hadi chuma king'ae, funga tena kwa nguvu. Hapo hujanunua kitu. Testa ya fundi, ile ya balbu na ncha, inatosha kwa kazi yote hii. Multimita pia ni poa lakini ukiitumia indiketa ikipepesa namba zitaruka ruka hadi ukate tamaa.

Na wakati uko chini ya dashibodi, ukiona waya ama plagi ya manjano, hiyo ni ya eabagi. Wachana nayo kabisa. Usiidunge testa.

Imezimwa lakini bado inawaka kidogo

Umeegesha, umetoa ufunguo, usiku unaona LED ina mwanga kama wa kimulimuli. Kama athi iko sawa, hiyo ni umeme mdogo unavuja kupitia flasha ya elektroniki, ama kompyuta ya gari inatuma umeme kidogo kuuliza kama balbu iko. Balbu ya zamani ilikuwa inaumeza bila kuwaka. Resista ndogo ya omu 1,000, ya nusu wati, ikiunganishwa kati ya chanya na hasi ya hiyo LED, mara nyingi inaumaliza. Ni kitu ya bei ya chini sana pale Luthuli Avenue kwa wale wa vipuri vya redio.

Sasa dawa ya mbio: resista ama flasha?

Hapa ndipo mtaani wanagawanyika. Kuna kambi ya resista na kuna kambi ya flasha. Mimi niko kambi ya flasha, na nitakuambia kwa nini.

Resista ya kazi hii ni ile ya dhahabu yenye mapezi, imeandikwa wati 50 na omu 6. Unaiunganisha sambamba na LED, yaani mguu mmoja kwa waya wa indiketa, mwingine kwa athi. Si kwa mstari mmoja na LED. Ukiweka kwa mstari mmoja haitadanganya flasha na LED itafifia. Kazi yake ni kukula umeme bure ndio flasha ifikirie balbu ya zamani iko. Piga hesabu: 12 mara 12 gawanya kwa 6, ni wati 24. Injini ikiwaka volti inapanda hadi karibu 13.8, na hapo resista inakula karibu wati 32.

Umeona hiyo? Ulinunua LED ndio upunguze mzigo, halafu umenunua kitu kingine cha kuurudisha, tena ukazidisha. Na hizo wati zote zinageuka joto. Resista ikifanya kazi inaweza kukuchoma kidole na kuyeyusha plastiki. Hiyo wati 50 imeandikwa kwa masharti kwamba umeifunga na skrubu kwa chuma ndio chuma kivute joto. Fundi mwingine anaifunga na tepu nyeusi juu ya mafungu ya waya nyuma ya taa, ama anaiacha ikining'inia ndani ya plastiki ya bampa. Ukikata kona unaona iko sawa, juu indiketa ya kona ni sekunde chache. Siku gari inakwama Waiyaki Way na unaacha hazadi nusu saa ukingoja msaada, hapo ndipo utaanza kuskia harufu.

Kwa hivyo kama lazima iwe resista, sema hivi kwa fundi: ifungwe kwa chuma cha bodi, mbali na waya na plastiki, iunganishwe kwa solda ama klipu nzuri, si kusokota na kubandika tepu. Moja kwa kila balbu ya wati 21 uliyotoa. Wakati mwingine moja kwa upande inatosha kutuliza mbio, kwa hivyo anza na moja.

Flasha ya LED inaondoa hiyo drama. Haipimi mzigo, inapepesa kwa spidi moja hata ukiwekea LED moja. Unachomoa ya zamani, unadunga mpya, kwisha. Lakini usiende Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan, ukasema tu "nataka flasha ya LED". Enda na ya zamani mkononi. Kuna za miguu miwili, mitatu, na Toyota nyingi za miaka ya 2000 ziko na ya miguu minane inayokaa kwa boksi la fyuzi chini ya dashibodi. Kuipata, weka hazadi na ufuate tik-tak na sikio, ama guso la kidole.

Za miguu mitatu ndizo zinachanganya watu. B ni umeme unaingia, L ni unaoenda kwa taa, E ni athi. Shida ni kwamba mbili zinaweza kufanana kabisa kwa macho na mpangilio wa miguu uwe tofauti. Ndio maana unadunga na hakuna kitu inatokea, ama fyuzi inaenda. Soma herufi zilizopigwa chini ya zote mbili kabla uidunge. Ikikosa kulingana, rudisha ubadilishiwe.

Gari mpya mpya, na za Ujerumani nyingi, hazina flasha ya kuchomoa. Kompyuta ya bodi ndiyo inapepesa, hata ile tik-tak wakati mwingine ni spika inakudanganya. Hapo huna njia ila resista, ama LED zenye resista ndani yake tayari. Ama, na najua hutapenda hii, rudisha balbu.

Wale wa nganya, simameni hapa kidogo

Kama uko kwa mat ndogo, Hiace, hesabu ni ile ile ya volti 12. Lakini zile Isuzu kubwa za watu 33, NQR na wenzake, ni volti 24, betri mbili zimefuatana. LED ya volti 12 ukiidunga hapo itang'aa vizuri sana kwa dakika chache, halafu kwaheri. Resista ndio mbaya zaidi. Ile ya omu 6 kwa volti 24: 24 mara 24 gawanya kwa 6, ni wati 96. Imeandikwa 50. Umefunga jiko nyuma ya bodi ya faiba, na ndani kuna abiria wamejaa hadi mlangoni. Kwa volti 24 unataka omu 27 hivi, hapo inakula karibu wati 21, sawa na balbu uliyotoa.

Na nganya tayari iko na taa za ndani, skrini, spika, na kila fundi aliyepita aliongeza waya wake. Ukitafuta shida ya indiketa humo, anza kwa taa urudi nyuma, usianze kwa betri. Utazeeka. Pia kumbuka PSV lazima ipitie ukaguzi kila mwaka, na taa ni kitu ya kwanza yule mkaguzi anaona bila hata kuinama.

Nduthi: ukiweka kushoto zinawaka zote nne

Hii niliulizwa na wasee wa stage mara nyingi hadi nikaamua lazima iingie. Angalia dashi ya nduthi yako. Kama kuna kataa kamoja tu ka kijani ka indiketa, si viwili, hapo ndio mchezo ulipo. Hako kataa kameunganishwa upande mmoja kwa waya wa kushoto, upande wa pili kwa waya wa kulia. Ukiweka kushoto, umeme unapita kwa hako kataa, unatokea kulia, na unarudi athi kupitia balbu za kulia. Zamani hizo balbu hazikuwaka juu umeme ulikuwa kidogo. LED haihitaji mingi. Zinawaka zote, na msee nyuma yako anadhani umeweka hazadi.

Dawa ni daiodi mbili za 1N4007. Toa kataa ka kijani kwa waya zote mbili. Daiodi ya kwanza itoke waya wa kushoto, ya pili itoke waya wa kulia, upande wenye mstari mweupe wa kila moja ukutane pamoja na uende kwa kataa. Upande wa pili wa kataa uende athi. Daiodi inaruhusu umeme kwenda mbele na kukataa kurudi, kwa hivyo kushoto haiwezi tena kuvuka kwenda kulia. Badilisha na flasha iwe ya LED, na umemaliza.

Fyuzi zinaenda kila siku

Fyuzi ikienda mara moja, badilisha. Ikienda mara mbili, wacha kununua fyuzi na utafute waya uliokwaruzwa. Angalia pale fundi alikata kuunganisha LED ama resista, pale waya unapita kwa mlango wa buti, na pale skrubu ya taa imebana waya. Ukiwa na zile LED za kukimbia, za mkanda wenye waya tatu, soma karatasi yake: mmoja ni athi, mmoja ni wa mwanga mweupe wa mchana, mmoja ni wa indiketa. Ule wa mchana ukiunganishwa moja kwa moja kwa betri bila fyuzi yake na bila kupitia ufunguo, asubuhi utasukuma gari.

Na tafadhali, ile ya kuweka karatasi ya sigara ama waya mahali pa fyuzi, hapana. Fyuzi iliwekwa ndio iungue yenyewe badala ya waya zako. Soma namba kwa kifuniko cha boksi, kama ni 10 weka 10, si 30 ati ndio isisumbue.

Rangi, haraka tu

Kioo cha taa kikiwa cha machungwa, nunua LED ya machungwa, si nyeupe. Mwanga mweupe wa LED uko na machungwa kidogo ndani yake, kwa hivyo kioo kinameza mwingi na kinachotoka ni rangi imepauka, mchana wa saa sita hata haionekani. Kioo kikiwa cheupe, hapo ndio lazima kabisa LED iwe ya machungwa.

Kitu moja umepoteza, na hakuna aliyekuambia

Ukishaweka flasha ya LED ama resista, ile mbio haitarudi tena. Hata LED ya nyuma ikifa, tik-tak itaendelea poa, kataa ka dashi katapepesa kama kawaida, na wewe utazunguka kona ya Yaya ukidhani umeonyesha. Flasha mpya haihesabu. Resista inadanganya hata wakati LED imekufa. Na LED za bei ya kutupa huwa hazifi zote mara moja, zinaanza kupoteza vidoti, moja leo, tatu wiki ijayo.

Kwa hivyo hiyo kazi ya kuhesabu balbu sasa ni yako. Mara moja kwa wiki weka hazadi, shuka, zunguka gari, angalia zote sita pamoja na za ubavuni. Fanya hivyo mchana kwa jua pia, si usiku peke yake, juu usiku hata LED mbovu inakaa kali. Ukiwa peke yako na hutaki kushuka, egesha usiku karibu na ukuta wa mabati, nyuma iangalie ukuta, weka kushoto, angalia mwanga kwa kioo, halafu uweke kulia.